Kumpa benki funguo hakufuti deni

Ndugu, umeuliza kama ukiirudishia benki nyumba yako ya Syokimau kabla ya mnada deni litakuwa limekwisha. Kwa sheria ya Kenya, la. Benki itaipokea kwa furaha, itaiuza, na bei isipotosha utadaiwa kilichobaki. Usikabidhi funguo bila barua yenye sahihi inayosema wazi kwamba deni lote limefutwa, na mpe wakili aisome kwanza.

Mimi ningeiuza mwenyewe. Iombe benki kibali cha maandishi, mtafute mnunuzi, wakili wake aahidi kuilipa benki moja kwa moja nayo iachilie hatimiliki. Mnunuzi wa kawaida hulipa zaidi ya wale wanaovizia minadani.

Tena unao muda kuliko unavyotishwa kwenye simu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi ya miezi 3 ya kulipa malimbikizo, kisha siku 40 za notisi ya kuuza, halafu dalali naye, kwa Kanuni za Madalali, akupe siku 45. Hesabu hizo tarehe vizuri, na uhifadhi hata bahasha. Lazima pia mthamini aikague nyumba. Ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, una hoja nzito mahakamani.

Lakini riba haingoji notisi (hapo ndipo wengi huumia), kwa hiyo nenda benki wiki hii. Na mama watoto umemwambia? Kama alitia sahihi kukubali mkopo, naye ataletewa nakala ya notisi ya kuuza.