Kabla Hujaandika "Msamiati" Ubaoni

Mwalimu mgeni wa kipindi cha kusoma mara nyingi huanza hivi: maneno kumi upande wa kushoto wa ubao, maana zake upande wa kulia, watoto wananakili, kengele inalia. Kesho yake wanayakariri yote kumi bila kukosea. Wiki inayofuata wanakutana na neno mojawapo ndani ya hadithi, nao wanalipita kama hawajawahi kuliona. Kumbukumbu yao ni nzima. Walichojifunza ni kuoanisha safu mbili za maneno, na hadithi haiji kwa safu.

Haya yafuatayo ni kwa anayeanza kufundisha watoto wa miaka 7 hadi 12. Yote yanasimama juu ya jambo moja: neno lifundishwe ndani ya sentensi lililomo, na tamathali, yaani usemi unaotumia picha badala ya maana ya moja kwa moja, mtoto aione kwanza kama picha, jina lake la kitaalamu lije baadaye.

Kuchagua maneno

Soma kifungu chote mwenyewe siku moja kabla, penseli mkononi, na pigia mstari kila neno ambalo huenda watoto hawalijui. Utapata mengi kuliko unavyoweza kufundisha, kwa hiyo yachuje. Watafiti wa Marekani Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan waliyagawa maneno katika tabaka tatu, na mgawanyo huo unafaa hata kwa Kiswahili. Tabaka la kwanza ni maneno ya mazungumzo ya kila siku: kiti, kimbia, baridi. La pili ni maneno ambayo mtoto hayasikii sana katika mazungumzo lakini atakutana nayo katika vitabu vya kila aina: sita (kama katika "alisita"), hatimaye, tahadhari, duwaa, shawishi. La tatu ni maneno ya fani moja, kama usanisinuru au ikweta. Nguvu zako zielekeze kwenye tabaka la pili. La tatu litafundishwa vizuri zaidi siku somo lake litakapofika. Likitokea hadithini, toa maana kwa sentensi moja na usonge mbele.

Maneno matatu hadi matano kwa kipindi yanatosha. Ukizidisha, utakuwa umerudi kwenye zile safu mbili.

Pima pia ugumu wa kifungu chenyewe. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walionyesha kwamba wasomaji wa lugha ya pili walihitaji kujua takriban maneno 98 kati ya kila 100 ili waielewe hadithi bila msaada. Hesabu maneno 100 ya kifungu chako. Yakiwa mageni mawili, mtoto anaweza kusoma peke yake. Yakiwa matano, msome pamoja. Yakifika kumi, tafuta kifungu kingine, maana mtoto atakuwa anapambana na maneno na hadithi yenyewe haioni. Unapohesabu, tazama mzizi wa neno: "hawajanisimulia" si neno geni kwa mtoto anayejua "simulia", ingawa huenda akahitaji kusaidiwa kulifungua.

Neno moja, dakika saba

Tuchukue sentensi "Asha alisita mlangoni." Isome kwa sauti, watoto waseme neno "alisita" mara mbili, kisha waulize lipi ndani yake ni neno na yapi ni viambishi. Mtoto mmoja atasema sita ni namba. Mpongeze, kwa sababu amegundua kwamba sauti moja inaweza kubeba maana mbili, kisha mwonyeshe kwamba namba haipokei "ali-" mbele yake.

Toa maana kwa lugha ambayo mtoto angeitumia mwenyewe: kusita ni kusimama kidogo kabla ya kufanya jambo kwa sababu huna hakika au unaogopa. Usiseme "kusita ni kushikwa na shaka", maana sasa una maneno mawili ya kufundisha. Jihadhari vilevile na maelezo yanayozunguka: hofu ni woga, na woga ni hofu.

Kisha igiza. Nenda mlangoni, weka mkono kwenye kitasa, simama, geuza kichwa nyuma, ndipo ufungue. Sasa uliza maswali ya ndiyo na hapana. Mtu amekimbia moja kwa moja hadi uwanjani: amesita? Mtu amesimama ukingoni mwa mto, mguu mmoja mbele, anayatazama maji: amesita? Mtu amesimama njiani kwa sababu amechoka: amesita? Swali la tatu ndilo la thamani kuliko yote. Nusu ya darasa itasema ndiyo, kwa kuwa wamelishika neno kama "kusimama" tu. Hapo ndipo mpaka wa neno unapochorwa, na bila swali la namna hiyo hutajua kwamba hawakulielewa.

Malizia kwa sentensi zao wenyewe, kwa sharti moja: kila sentensi iwe na "kwa sababu". "Juma alisita" haionyeshi chochote. "Juma alisita kujibu kwa sababu hakuwa amesoma swali vizuri" inaonyesha kwamba neno limeingia.

Lirudie kesho yake, halafu baada ya siku tatu, wiki moja na wiki mbili. Kila marudio yachukue dakika moja, na kila mara neno liwe katika sentensi mpya. Walimu wengi wanaoanza hukosea hapa: wanafundisha vizuri Jumatatu, kisha neno halisikiki tena hadi siku ya mtihani.

Kiswahili kina funguo zake

Ufunguo wa kwanza ni mzizi. Mtoto anayejua "soma" ana msomaji, msomi, masomo, kisomo, someka na somesha mkononi, akionyeshwa namna ya kuuona mzizi "-som-". Chora mzizi katikati ya ukurasa na matawi kuuzunguka. Ila mfundishe pia kukagua, kwa sababu atavutwa na mifanano ya uongo. Mkulima na kilimo vinatokana na "lima". Kilima hakitokani nalo, hicho ni mlima mdogo. Swali la kukagua ni hili: je, maana ya mzizi bado inasikika ndani ya neno?

Ufunguo wa pili ni upatanisho, yaani kiambishi cha kitenzi kinavyoifuata nomino yake. Katika vitawe, yaani maneno yenye maana zaidi ya moja, mtoto huambiwa "angalia muktadha" na asijue aangalie nini. Mwonyeshe kiambishi. "Paa limevuja" ni la nyumba, "paa amekimbia" ni mnyama, na "ndege imepaa" ni tendo. "Kaa amejificha" ni yule wa baharini. "Kaa limezimika" ni la moto. Andika jozi hizi bila picha yoyote, waambie wapigie mstari herufi zilizowafichulia siri, na utaona wanavyofurahi kugundua kwamba sarufi wanayoifanyia mazoezi kila siku ina kazi.

Kuhusu kamusi, usimpe mtoto kabla ya kumfundisha kuvua neno nguo zake. "Anaandikiwa" hatalipata kwenye A-N-A. Atoe "a-" na "-na-", kisha aipunguze minyambuliko hadi "andika". Nomino nazo zirudi kwenye umoja: meno hutafutwa kwenye jino, kuta kwenye ukuta, nyuzi kwenye uzi. Kamusi ikiorodhesha maana tatu, mtoto huchukua ya kwanza. Kanuni iwe kuiweka kila maana ndani ya sentensi ya hadithi na kuisoma yote, halafu kuchagua inayokaa.

Kubahatisha maana kutokana na sentensi ni ujuzi mzuri, lakini si kila sentensi inasaidia. "Alivaa vazi la hariri" haikuambii hariri ni nini. "Vazi lake lilikuwa la hariri, laini na lenye kung'aa" inakuambia kiasi. Waambie watoto hivyo waziwazi, wasije wakadhani wameshindwa wao pale sentensi inapowanyima msaada.

Visawe navyo vina mtego. Tazama, chungulia, kodoa na tupia jicho hufundishwa kama neno moja lenye sura nne. Anayechungulia hutazama kupitia upenyo au kwa kujificha. Anayekodoa ametoa macho. Anayetupia jicho hakai nalo. Na "nilitazama lakini sikuona" ni sentensi yenye maana kamili. Kwenye vinyume, kosa la kila siku ni mtoto kuandika "hakufunga" kuwa kinyume cha "funga". Huo ni ukanushi. Mpe jozi za kutendua azifanye kwa mikono yake: funga na fungua kamba, kunja na kunjua karatasi, chomeka na chomoa kalamu mfukoni.

Lugha ya picha

Ukianza na "Tashbihi ni tamathali inayolinganisha vitu viwili kwa kutumia neno kama", watoto watafanya ulichowaambia: watawinda "kama" kila mahali. Wataita tashbihi "kama mvua itanyesha hatutacheza", ambapo "kama" ni sharti, na "walikuja watu kama ishirini", ambapo ni makadirio. Kwa hiyo wape sentensi sita zenye "kama", tatu za mlinganisho na tatu zisizo, wazigawe wenyewe na kueleza kwa nini. Waonyeshe pia mithili ya, mfano wa, kana kwamba na utadhani. Jina "tashbihi" litaje mwishoni, kwa kitu ambacho tayari wanakijua.

Kila mlinganisho una sehemu tatu: kinachosemwa, kinacholinganishwa nacho, na sifa inayoviunganisha. Hiyo ya tatu mara nyingi haitajwi, na ndiyo watoto wanayoikosa. Chukua "Rehema ni simba uwanjani." Waambie wataje yote wanayoyajua kuhusu simba, nawe andika: mkia, manyoya, kucha, hula nyama, ana nguvu, hana woga, hunguruma, hulala mchana. Sasa futa moja moja. Rehema ana mkia? Futa. Hulala mchana? Turudi kwenye hadithi; hakuna panaposema hivyo, futa. Yatabaki mawili au matatu, na hadithi yenyewe itaamua lipi hasa. Zoezi hili huchukua dakika kumi nzima, na zinastahili zote. Mtoto anajifunza kwamba sitiari, yaani mlinganisho usiotumia "kama", huchukua sehemu tu ya kile kitu, na kwamba sehemu hiyo huchaguliwa na maneno ya jirani: "Rehema ni simba mezani" ingebakiza sifa nyingine kabisa.

Angalia kwanza kama kile kitu chenyewe kinajulikana. "Mrefu kama mlingoti" ni fumbo juu ya fumbo kwa mtoto ambaye hajawahi kuona mlingoti, hata kwenye picha.

Kwa nahau, kunja karatasi katikati. Kushoto mtoto achore maneno yanavyosema: kupiga moyo konde, yaani ngumi inayogonga moyo. (Wengi hawajui kwamba konde ni ngumi, ukilieleza, picha inawaka ghafla.) Halafu uliza: jambo hili linawezekana katika hadithi hii? Halafu soma sentensi iliyotangulia na inayofuata. Kulia aandike maana iliyofichika, kujikaza na kuwa jasiri, pamoja na mtu fulani katika hali fulani. Usiruhusu kazi iishie upande wa kushoto. Mchoro wa kuchekesha hukaa kichwani, na upande wa kulia ukiwa mtupu mtoto ataikumbuka ngumi na kuusahau ujasiri.

Sema mapema pia kwamba nahau haibadilishwi maneno: kitenzi kitabeba nafsi na wakati, alipiga, tutapiga, lakini nafasi ya konde haichukuliwi na ngumi hata kama maana ni moja. Na pale usipojua nahau ilitokea wapi, usiwatungie watoto asili yake. Watakuamini, nao watayapeleka hayo kwa wengine.

Yapo mafungu yenye maisha mawili. "Alipiga hatua mbili akaokota kalamu" na "amepiga hatua katika hesabu" yawekwe bega kwa bega. Lakini piga simu, piga pasi na piga magoti usivipotezee kipindi kwa watoto waliokua na Kiswahili. Kwao ni vitenzi vya kawaida. Kwa watoto wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili, hayo ndiyo yanayowakwamisha kuliko methali yoyote, na yanastahili orodha yake ukutani.

Methali zina ugonjwa wake: kila methali "inatufundisha tusiwe wavivu" au "tuwe na bidii". Dawa ni kuacha kuuliza "inatufundisha nini?" Kwa "Usipoziba ufa utajenga ukuta", anza na ukuta halisi: kwa nini ufa mdogo huangusha ukuta? Kisha uliza: nani angeambiwa methali hii, lini, baada ya kufanya nini? Toa visa vitatu, kimoja kisifae, mfano mtu aliyevunja kikombe kwa bahati mbaya. Hapakuwa na ufa wowote uliopuuzwa, kwa hiyo methali haimhusu. Mtoto akiuliza iweje haraka haraka isiwe na baraka ilhali chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, usiikwepe hoja. Mjibu kwamba methali huchagua hali yake, kisha mpe visa viwili aamue ipi isemwe wapi.

Siku watoto watakapoanza kutunga tamathali zao, sahihisha kwa mkono mwepesi. Aliyeandika "moyo wake ulikuwa mzito kama begi la Ijumaa" usimfutie ukamwekea ya kitabuni. Yake inaishi. Aliyeandika "alikimbia kama meza" pia usimpigie mkasi. Andika pembeni "Sifa gani?" na umrudishie daftari ajibu.