Barua kwa Mwanangu: Vitabu vya Mtoto wa Miaka Kumi

Mwanangu mpenzi,

Salamu za hapa Morogoro. Sisi wazima, mvua ndiyo imetushika. Unaniuliza umnunulie mjukuu wangu, mume wangu huyo, vitabu gani vya Kiswahili, vipya kama vipo, kwa kuwa ametimiza miaka kumi, vile vya picha anasema ni vya watoto, na riwaya zako za kabatini akizifungua anazirudisha. Tena shuleni kwao Kiingereza kimetawala, unaogopa Kiswahili chake kisije kikawa cha kuombea maji. Umenifurahisha sana. Wazazi wengi wanaonijia wanataka vitabu vya maswali ya mitihani.

Mtoto hana tatizo, mwanangu. Umri wake ndio uliosahauliwa. Ukiingia duka la vitabu utakuta vitabu vyembamba vya darasa la kwanza na la pili vimejaa, sungura na fisi, picha kila ukurasa. Ukivuka hapo unatumbukia kwenye riwaya za sekondari. Kwa mtoto anayeweza kufuata kisa cha sura kumi lakini hajafikia mambo ya mapenzi na siasa, rafu ni fupi. Vitabu vyake vipo, ila lazima uvitafute.

Na vingi vya hivyo vilivyopo vina kasoro moja inayoniumiza: mwandishi hamwamini mtoto. Kisa kinapoanza kunoga, anaingia mtu mzima na nasaha zake, ukurasa mzima. Nilipokuwa nafundisha darasa la tano niliwaona wanafunzi wakipewa kitabu cha namna hiyo. Walikuwa wanafunua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, palipoandikwa mafunzo ya hadithi, maana walijua swali litatoka pale. Huku kwingine hawakupita kabisa. Kwa hiyo ukishika kitabu dukani, tafuta nani anatenda. Mtoto akiwa ndiye anayeamua, anayekosea, anayetoroka na kurudi, kinunue. Kama kazi yake ni kuonywa tu, kirudishe.

Anza na Mwana Mdogo wa Mfalme. Ni cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, kilitoka mwaka 1943, na Kiswahili chake ni cha Philipp Kruse na Walter Bgoya, kikachapishwa na Mkuki na Nyota hapo hapo Dar. Msimulizi anakumbuka kwamba alipokuwa na miaka sita alichora chatu aliyemeza tembo, akawauliza wakubwa kama picha ile inawatisha. Wakamshangaa: kofia nayo inamtisha nani? Akachora tena, safari hii tumbo la chatu likionekana ndani, tembo huyo amesimama. Wakamwambia aachane na machatu, ashike jiografia, historia, hesabu na sarufi. Mwonyeshe mume wangu ile picha ya kwanza, funika maandishi kwa kiganja, umuulize anaona nini. Akisema kofia, usimcheke, mfunulie. Baada ya hapo hutahitaji kumbembeleza asome. Mwisho wake una huzuni, na akikuuliza mwana mdogo amekwenda wapi, usijifanye unajua. Mwache alifikirie mwenyewe.

Cha pili ni Marimba ya Majaliwa, cha Edwin Semzaba, yule yule wa tamthilia ya Ngoswe uliyemsoma sekondari. Kilitolewa na E&D Vision mwaka 2008. Majaliwa ni mvulana mpiga marimba, na safari yake ya kuizunguka Tanzania anaifanya kwa ungo. Ungo, mwanangu, huu huu tunaopepetea mchele! Watoto wetu wamezoeshwa kwamba anayeruka angani ni Mzungu mwenye ufagio, na nyumbani kwao hakuna ajabu yoyote. Semzaba amechukua kitu ambacho bibi zetu walikuwa wakikitaja kwa kunong'ona usiku, akampandisha mtoto juu yake na kumwonyesha nchi yake. Mkiwa mnasoma, tundikeni ramani ya Tanzania ukutani, kila mji unaotajwa autafute kwa kidole.

Utasema 2008 ni zamani. Kwa mtoto, kitabu ambacho hajakutana nacho ni kipya. Lakini kama unataka vya sasa hasa, fuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, kwa riwaya na mashairi, na awamu iliyofuata wakaongeza hadithi za watoto. Nilifurahi mno, kwa sababu mwandishi akijua kuna tuzo upande wa watoto, ataacha kuwaandikia kwa mkono wa kushoto. Inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo ukipita ofisini kwao ulizia miswada iliyoshinda na iliyokwisha kuchapwa.

Hadithi ya Alisi, ile ya Mwingereza Lewis Carroll, nayo ipo, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Hiyo isome kwa sauti, kwani inachekesha zaidi ikisikika.

Dada yake ameshavuka miaka kumi na miwili, mpe Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wanakosa shule kwa sababu ya ada na sare, na mama yao anapika chakula cha kuuza wapate kuishi. Humo mna dampo, mna dawa za kulevya, kwa hiyo kisome wewe kwanza, halafu uwepo karibu anapokisoma. Usimfiche kwa kuwa ni kizito. Watoto wa namna hiyo anapishana nao kila asubuhi akiwa ndani ya basi la shule.

Kiingereza chake usikipige vita. Mnunulie The Detectives of Shangani cha Nahida Esmail, upelelezi wa watoto ndani ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Akizoea kuona vichochoro vyetu kitabuni, hata kwa lugha hiyo, atavitafuta na kwa Kiswahili.

Sasa la nyumbani, na hili ndilo ninalokusihi zaidi. Baada ya chakula cha usiku zimeni televisheni, msome kwa zamu, yeye ukurasa, wewe ukurasa. Acheni pale panaponoga, hata akilalamika. Akikutana na neno gumu akalipita, mwache alipite, na akiuliza mjibu kwa kifupi mwendelee. Wala usimuulize amejifunza nini. Nimewaona watoto wengi waliopenda hadithi wakaja kuichukia siku walipogeuziwa maswali ya ufahamu. Akitaka kuzungumza ataanza mwenyewe, pengine siku tatu baadaye, mko kwenye foleni ya daladala. Hapo msikilize kwa makini, hata kama umechoka.

Vitabu hivi vitafute kwanza TPH Bookshop, Mtaa wa Samora, au Soma Book Café. Usinunue vyote kwa mpigo. Nunua viwili, cha tatu umwache akichague mwenyewe dukani, na hata akichagua ambacho wewe hukipendi, kilipie.

Ukipata Marimba ya Majaliwa chukua nakala mbili, moja nitumie kwa basi, pesa nitakurushia kwenye simu. Mwambie mume wangu nitakuwa nakisoma huku naye anakisoma huko, na Jumapili jioni nitampigia aniambie amefika sura ya ngapi.

Mama yako