Kiwiko, goti na kicheko: maswali yenu kuhusu picha za Thailand

Tangu niitaje picha ya Ong-Bak kwenye safu hii, maswali kuhusu picha za mapigano za Thailand hayajakoma. Yanayofanana nimeyaunganisha. Asiyependa kuambiwa mwisho wa picha aruke jibu la nne.

Mimi ni mtu wa Jackie Chan tangu enzi za kanda za VHS. Hawa Wathai wana nini ambacho Hong Kong hawana? (Morogoro)

Wana viwiko na magoti. Muay thai, mchezo wao wa mapigano, hupigwa kwa silaha nane za mwili: ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili na miguu miwili. Kiwiko kikishuka utosini mwa mtu, kamera haihitaji kukisaidia. Ong-Bak ilipotoka mwaka 2003 ilijitangaza kwa majigambo kabisa: hakuna waya wa kumning'iniza mtu, hakuna kompyuta, hakuna mtu wa kuruka kwa niaba ya stelingi. Wakati ule watazamaji walikuwa wameshachoka kuona watu wanaelea juu ya mapaa kama vishada, kwa hiyo majigambo yale yalinunuliwa dunia nzima.

Ila usidhani waliibuka tu. Nyuma ya Tony Jaa, stelingi wa Ong-Bak, alikuwepo Panna Rittikrai, fundi wa Khon Kaen ambaye tangu miaka ya 1980 alikuwa akitengeneza picha za mapigano za bei nafuu, zilizopendwa zaidi mikoani kuliko Bangkok. Panna mwenyewe alijifunza kwa kuwatazama Bruce Lee na huyo Jackie Chan wako. Jaa, kijana wa mkoa wa Surin, alikwenda kwake akiwa bado mdogo kuomba afundishwe. Kwa hiyo ukiwatazama hawa unawatazama wajukuu wa uliyempenda.

Tofauti kubwa, kwa macho yangu, iko kwenye kicheko. Jackie Chan anapiga na kuchekesha kwa mwili uleule: anatupa ngumi, mkono unamuuma, anaupuliza, tunacheka. Tony Jaa hapulizi mkono. Uso wake umekaza mwanzo mpaka mwisho, na kazi ya kuchekesha amepewa mtu mwingine kabisa. Mmoja apige, mwingine akimbie huku akipiga kelele. Uzuri wa picha hizi unatoka kwenye mgawanyo huo, na udhaifu wake vilevile.

Nianze na ipi? Nina usiku mmoja tu wa Jumamosi. (Mombasa)

Ong-Bak. Tazama kile kipande cha kukimbizana vichochoroni. Ting, kijana wa kijijini, anafukuzwa na kundi la wahuni akiwa na Humlae, ndugu yake aliyeharibikia mjini na kupaka nywele rangi. Ting anapita katikati ya duara la seng'enge, anaruka magari, anateleza chini ya gari linalotembea huku amepanua miguu kama mkasi. Humlae anapita njia ya wanadamu wa kawaida, anahema, anajikwaa. Akibanwa, anaokota panga la mchinja nyama na kulizungusha, na wahuni wanarudi nyuma. Hapo hapo anapita mama mmoja na sinia lake, anauza visu. Wahuni wanamtazama yule mama. Humlae naye anamtazama yule mama.

Hapo ndipo picha hizi zilipo kwenye kilele chake. Mzaha hauhitaji neno hata moja, umezaliwa ndani ya mapigano yenyewe, na ukiuondoa mbio zile zinabaki maonyesho ya sarakasi. Muongozaji Prachya Pinkaew ana tabia moja tu inayonikera: ruko kali likipita, analirudisha kwa pembe ya pili, wakati mwingine na ya tatu, ili usiseme kuna ujanja. Mara ya kwanza unapiga makofi. Ikifika ya tano unajiona kama karani anayeonyeshwa stakabadhi.

Baadaye kuna vita vya bajaji, wenyewe wanaziita tuktuk, zinazofukuzana mpaka juu ya barabara ya angani ambayo haijamalizwa kujengwa. Sitasimulia zaidi.

Mbona mimi vichekesho vyao havinichekeshi? Naona watu wanapiga kelele tu. (Dodoma)

Una haki, na kosa si lako peke yako.

Huyo Humlae ni Petchtai Wongkamlao, nchini kwao anajulikana kama Mum Jokmok. Anatoka Yasothon, katika Isan, ukanda wa kaskazini mashariki mwa Thailand ambako watu huzungumza lahaja iliyo karibu sana na Kilao. Mum alikulia kwenye vikundi vya vichekesho vya mikahawa ya usiku ya Bangkok, ambako wachekeshaji husimama jukwaani kwa pamoja, wakitaniana, wakipigana vibao vya kichwani na kujibizana papo kwa papo, kisha akahamia televisheni. Mthai akimsikia tu anavyotamka neno, kabla hata mzaha haujafika, ameshaanza kucheka, kwa sababu amekwishajua huyu ni mtu wa wapi, na mjini Bangkok anajifanya nani. Maandishi ya Kiingereza chini ya skrini hayabebi lafudhi. Jaribu kumwandikia Mjapani chini ya skrini vile Mzee Majuto alivyokuwa akivuta maneno yake ya Tanga, uone atabaki na nini.

Kwa hiyo tunachobakiziwa sisi ni makelele, macho kutumbuka na ile milio ya kuchekesha wanayoipachika mtu akianguka. Wanaizidisha, nakubali. Ukitaka kuona tatizo hili waziwazi, tazama The Bodyguard ya mwaka 2004, ambayo Mum aliiongoza na kuicheza yeye mwenyewe kama mlinzi. Milio ya risasi haiishi, mizaha inakuja mfululizo, mingine inafika na mingi inapotelea njiani. Kisha Tony Jaa anatokea kwa dakika chache tu ndani ya supamaketi, anapiga watu, anaondoka, na ghafla unaona picha hii ingeweza kuwa nini.

Hadithi zao ni nyepesi mno. Kila siku kuna kitu kimeibwa, stelingi anakwenda kukirudisha. Nimekosea? (Mwanza)

Hujakosea hata kidogo. Ong-Bak kimeibwa kichwa cha sanamu ya Buddha. Tom-Yum-Goong, 2005, wameibwa tembo, safari hii wanafuatwa mpaka Sydney. Dynamite Warrior, 2006, wanaibwa nyati wa kulimia, kwa sababu kuna bwana mkubwa anayetaka kuwauzia wakulima matrekta. Ukiacha roketi ambazo stelingi anazipanda kama farasi, ile ya nyati ina wazo la kiuchumi kuliko picha nyingi za maana.

Mimi wizi wenyewe haunisumbui. Kijiji kimeibiwa, mji ndio mwizi, kijana anakwenda mjini na mikono mitupu. Hadithi hiyo inaeleweka bila maelezo kwa yeyote aliyewahi kushuka basi kituo kikuu na begi la nailoni. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya kuibiwa hakuna anayefikiri tena. Stelingi anaingia chumba baada ya chumba akiuliza swali moja, na katika Tom-Yum-Goong Jaa anaulizia tembo wake mara nyingi hadi watazamaji wamelifanya utani.

Halafu kuna uzalendo wa kupakwa kwa kijiko kikubwa. Born to Fight, 2004, wanakijiji wametekwa na majambazi, wamekata tamaa, redioni unapigwa wimbo wa taifa, wote wanainuka na kuanza kupigana. Wanamichezo halisi wa taifa wamo humo: mcheza mpira anaangusha watu kwa mashuti, mwana jimnastiki anawazungukia majambazi kwa sarakasi. Nilicheka sana, ingawa nadhani pale hawakutaka nicheke.

Sasa ile sehemu niliyowaonya. Sisi tunasema stelingi hafi, na katika Ong-Bak ni kweli, hafi. Anayekufa ni Humlae, yule mwoga, tapeli, mwenye nywele za kupaka, akikikinga kile kichwa cha sanamu kwa mwili wake. Hiyo ndiyo hatua nzima ya hadithi: Ting anamaliza picha akiwa mtu yuleyule aliyeianza, aliyebadilika ni mchekeshaji. Ndiyo maana nawaambia wanaoruka vipande vya Mum ili wafike kwenye ngumi kwamba wanaruka picha yenyewe.

Ni kweli wanaumia? Au na hayo ni maigizo? (Nairobi)

Wanaumia. Tazama Chocolate ya mwaka 2008, yule binti JeeJa Yanin akicheza msichana mwenye usonji anayejifunza kupigana kwa kutazama picha na mazoezi ya jirani. Mapigano ya mwisho yanafanyika nje ya jengo, kwenye vijukwaa vyembamba ukutani, na vijana wanaanguka ghorofa hadi ghorofa wakigonga kila kitu njiani. Majina yakianza kupanda mwishoni wanakuonyesha yaliyotokea siku za kupiga picha: huyu anafungwa shingo, yule anabebwa kwa machela.

Desturi hiyo wameirithi kwa Jackie Chan. Lakini Chan alikuwa akituonyesha majeraha yake mwenyewe, na alikuwa tajiri na bosi wa kazi. Kijana asiye na jina anayeangukia mgongo ili mimi niseme "duh" nyumbani kwangu ni habari nyingine. Siwezi kusema hainipunguzii raha. Hapa ndipo lile tangazo la bila waya, bila kompyuta linapogeuka: kilichouzwa kama ubora kilikuwa pia gharama ambayo mtu fulani aliilipa kwa mbavu zake.

Watoto wangu wa miaka saba na kumi wanaweza kutazama? (Arusha)

Hapana, mama. Power Kids ya mwaka 2009 ina watoto kwenye bango na itakudanganya: ni watoto wanaopigana na magaidi waliovamia hospitali, na wanapigana kwelikweli. Tom-Yum-Goong ina kipande ambacho Jaa anavunja mikono na miguu ya watu kadhaa mfululizo, mifupa ikilia.

Kuna na jambo la pili, ambalo hata mtu mzima alitazame kwa macho yaliyo wazi. Wachekeshaji hawa wanapoishiwa, hukimbilia kudhihaki wanaume wenye mavazi na mwenendo wa kike, walemavu, wanene, na wageni wenye sauti kubwa. Jambazi mkuu wa Ong-Bak yuko kwenye kiti cha magurudumu na anaongea kwa kifaa cha kooni, basi hiyo imehesabiwa kuwa inatosha kumfanya mbaya. Ni uvivu. Mtu anayeweza kubuni mzaha wa yule mama wa visu hana kisingizio.

Zilipotelea wapi? Mbona sioni mpya zenye utamu ule? (Muscat)

Kwanza, waliwafukuza wachekeshaji. Ong-Bak 2, 2008, ilirudi karne nyingi nyuma, ikawa nzito, nyeusi, yenye mapigano ya ajabu na isiyo na pumzi hata moja ya kucheka. Jaa alikuwa anaongoza pia, mambo yakamshinda katikati, akatoweka kwenye kazi kwa muda. Ong-Bak 3 ikatoka 2010, na mwaka huohuo akaingia utawa. Kisha Tom-Yum-Goong 2, mwaka 2013, ikaja na moto wa kompyuta: waliojitangaza kwa kutotumia kompyuta! Mum alirudishwa, lakini ilikuwa kuchelewa.

Panna Rittikrai alifariki Julai 2014. Mwaka uliofuata Jaa alionekana Hollywood katika Furious 7. Na soko la kwao lilikuwa limehama: Pee Mak, kichekesho cha mzimu cha 2013, kilivunja rekodi za mapato Thailand bila goti kumgusa mtu kidevuni.

Nitazame yenye maandishi au ya msimulizi wa Kiswahili? (Kigoma)

Kwa picha nyingine ningesema maandishi. Kwa hizi, msimulizi, bila aibu. Watu wa kazi hii, kama DJ Afro kule Kenya na Lufufu kwetu, hawatafsiri bali wanaweka maneno yao, na kwa kuwa utani wa Isan umeshapotea hata hivyo, ni afadhali nafasi yake ikaliwe na utani unaoujua. Humlae akisemeshwa Kiswahili cha kijiweni anafaa kabisa.

Jambo moja tu uhakikishe. Tom-Yum-Goong iliyouzwa Marekani kwa jina la The Protector ilikatwa zaidi ya dakika 20 na kubadilishiwa muziki. Tafuta ile ya Kithai. Na ukifika pale Jaa anapopanda ngazi za mkahawa akipiga watu ghorofa kwa ghorofa, karibu dakika nne bila kamera kukatwa, mwombe msimulizi anyamaze.