Hiyo milioni mbili kwa mwezi mnayoipigia hesabu

Tangu habari zifike Nairobi kwamba kijana wetu kapata kazi kwa kampuni kubwa ya teknolojia Seattle, Marekani, dola 190,000 kwa mwaka, simu hazikomi. Mmegawa kwa 12, mkazidisha kwa shilingi 129 za dola moja, mkapata shilingi milioni mbili na ushee kila mwezi, na sasa mnauliza mbona analia hana. Ndugu zangu, hesabu hiyo imeniudhi. Kuomba si kosa. Wengi tulio huku tulisomeshwa na chama cha mama na shamba lililouzwa, na deni hilo tunalijua. Kinachoniuma ni kwamba mnaahidi watu pesa ambazo bado hazijakuwa pesa.

Ofa ya namna hiyo kwa kawaida hufungwa hivi: mshahara dola 140,000, bonasi ya kujiunga 25,000, na hisa za 100,000 zinazotolewa kidogo kidogo kwa miaka minne. Mleta uvumi huchukua robo ya hisa, anajumlisha yote, anapata 190,000. Lakini si kila kampuni hutoa robo kila mwaka. Amazon, kwa mfano, imejulikana kwa mpango wa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, kisha 40 na 40, ikiziba pengo la miaka miwili ya mwanzo kwa bonasi. Asilimia 5 ya hisa hizo ni dola 5,000, tena kwa bei ya siku ya ofa; soko likianguka, nazo zinaanguka. Siku hisa zinapoiva, yaani zinapokuwa mali yake, zinakatwa kodi kama mshahara, mara nyingi asilimia 22 ya serikali kuu papo hapo. Akifutwa kazi wiki moja kabla hazijaiva, hazimo. Bonasi nayo, ukiondoka kabla ya mwaka kwisha, kampuni nyingi huidai irudishwe.

Kwa hiyo shika mshahara peke yake. Mtu asiye na familia, akilipwa 140,000 Seattle, ambako jimbo halitozi kodi ya mshahara, hubaki na kama dola 8,700 kwa mwezi, kabla ya bima ya afya na akiba ya uzeeni. Aliye California hukatwa zaidi. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala hupita 2,000 bila shida. Zinazobaki ni nyingi, sitawaficha.

Ila anaishi kwa viza ya H-1B, ile ya wataalamu wa kigeni inayoombwa na mwajiri, na hapo ndipo penye kidonda. Akifutwa kazi ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine wa kumwombea viza upya, la sivyo afunge virago. Na kufutwa si jambo la kufikirika: Novemba 2022 Meta iliondoa watu zaidi ya 11,000, Januari 2023 Microsoft ikaondoa 10,000, Google 12,000. Kodi ya nyumba ya miezi kadhaa na nauli lazima zikae benki bila kuguswa. Hizo ndizo mnazosema amezikalia.

Kwa wadogo zangu mnaotaka kuja: msiitegemee H-1B. Viza zenyewe ni 85,000 kwa mwaka na hupigiwa kura ya bahati, na Septemba 2025 rais wa Marekani alitia saini ada ya dola 100,000 kwa ombi jipya la mtu aliye nje ya nchi. Bakini Nairobi, Microsoft ina kituo cha uhandisi hapo tangu 2019, na aliyefanyia kampuni mwaka mzima akiwa nje, kazi ya usimamizi au ya ujuzi maalum wa kampuni, anaweza kuhamishiwa Marekani na kampuni hiyo hiyo kwa viza ya L-1 isiyo na bahati nasibu.

Na mwenye kichwa, ajaribu leo kuomba kazi kwenye kampuni hizi. Kujuana hukufikisha machoni pa afisa wa kuajiri, basi. Baada yake ni swali la majaribio la kuandika programu la dakika 45 hivi, halafu mahojiano manne au matano siku moja au mbili. Mfano: umepewa orodha ya namba, tafuta mbili zinazojumlika 50. Wengi hulinganisha kila namba na nyingine zote. Jibu ni sahihi, lakini orodha ikiwa na namba 100,000 hiyo ni milinganisho karibu bilioni tano, na hapo ndipo wanapoangushwa. Tembea mara moja tu, ukihifadhi kila namba uliyopita na kuuliza kama ile inayopungua kufika 50 umeshaiona. Sema unachowaza kwa sauti. Vijana wetu wanajua, ila hunyamaza kwa heshima, na anayehoji anaandika kwamba hawajui.

Ukiulizwa unataka kulipwa ngapi, usitaje, na usiseme "chochote mtakachonipa". Uliza kwanza ngazi ya cheo watakayokuweka, kwa sababu ngazi ndiyo inayofunga kima cha mshahara, na kupanda baadaye huchukua miaka. Tangu 2023 sheria za Washington na California zinawataka waajiri waonyeshe kima hicho kwenye tangazo la kazi, basi kisome kabla ya simu. Mshahara ukikataa kusogea, omba bonasi ya kujiunga iongezwe. Omba kila kitu kwa maandishi, pamoja na tarehe ambazo hisa zitaiva.

Anayekuitisha elfu hamsini ili "akuunganishe", mkate simu. Kampuni hizo hazitozi mtu kufanya mahojiano, na ada za H-1B ni mzigo wa mwajiri kisheria.