Mashine za pamoja maabara: zamu yako inaisha mwenzako akiweza kuanza

Mashine inayotumiwa na maabara kadhaa kwa zamu mara nyingi huumizwa katika dakika za mwisho, mtu akishapata data yake na anawahi kuondoka. Kwa hiyo unapoweka nafasi kwenye kalenda, hesabu na muda wa kusafisha. Jaribio la saa 2 liwekee saa 2 na nusu. Usafi ni sehemu ya zamu yako, usimlie mwenzako muda wake.

Tazama saitomita, ile inayopitisha seli moja moja mbele ya leza. Kwenye zile zinazotenga seli, tundu la kutolea mara nyingi lina upana wa mikromita 70 au 100 tu, na kibonge kimoja cha seli kinatosha kuliziba. Chuja sampuli kwa chujio la mikromita 35 au 40 dakika chache kabla ya kuipandisha. Ukichuja asubuhi kwa kazi ya mchana umejisumbua bure, maana seli zikikaa hushikana tena. Kemikali ya EDTA, milimola 2 kwa lita, kwenye bafa (kimiminika cha kuwekea seli) husaidia, kwa kuwa hunasa kalisi ambayo seli huitumia kushikamana. Ila kama seli nyingi zimekufa, kinachonata ni DNA iliyovuja, na hapo dawa ni DNase, kimeng'enya kinachokatakata DNA. Itumie kabla ya kuweka EDTA, kwa sababu DNase haifanyi kazi bila magnesiamu, na EDTA huinasa hiyo pia.

Ukimaliza, pitisha dawa ya klorini (sehemu 1 kwa 9 za maji, kama msimamizi hajaelekeza vingine) kwa dakika 5, kisha maji safi ya maabara dakika 5 nyingine. Hatua ya maji ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayoumiza zaidi: klorini iliyobaki kwenye mirija huua seli za anayefuata na kufifisha rangi zinazong'aa alizozitia alama seli zake. Yeye ataona ishara hafifu na kulaumu kingamwili zinazobeba rangi hizo, kumbe kosa lilikuwa kwako.

Sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi, inataka adabu yake. Mirija inayokabiliana ipime kwa mizani, usikadirie kwa macho. Ujazo sawa si uzito sawa: mrija wa maji haulingani na wa sukari nzito hata vikifika mstari mmoja. Kwenye sentrifuji za kasi kubwa, rota nyingi, yaani vile vichwa vinavyoshika mirija, hutakiwa kupunguziwa kasi kimiminika kikizidi gramu 1.2 kwa mililita, kwa hiyo soma kitabu cha rota yenyewe. Andika kila mzunguko kwenye daftari: namba ya rota, kasi, muda. Metali huchoka, na rota ina ukomo wa maisha ambao haujulikani bila daftari hilo. Rota ikimwagikiwa chumvi, ioshe siku hiyohiyo kwa sabuni isiyo kali, suuza, kisha ikaushe ikiwa imeinamishwa bila kifuniko. Rota ya alumini usiiguse kwa klorini kabisa. Inaliwa, na vishimo vidogo vya kutu ndipo nyufa zinapoanzia.

Kwa darubini, hakikisha mafuta hayafiki kwenye lenzi isiyo ya mafuta, na futa kwa karatasi ya lenzi pekee. Taa ya zebaki ukiiwasha iache angalau dakika 30, na ukiizima subiri ipoe muda kama huo kabla ya kuiwasha tena. Angalia kalenda kwanza: kama kuna mtu baada yako, iache inawaka.

Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri hazihitaji maneno mengi. Kwangua barafu kwenye mpira wa mlango, safisha chujio la vumbi kila baada ya miezi michache, na weka friza moja tupu iliyokwisha poa, ya kuhamishia sampuli nyingine ikiharibika. Wasimamizi wengi huona hiyo ni anasa, mpaka king'ora kilie usiku.

Mwisho, hitilafu. Kituo kinachomtoza faini anayeripoti kitaletewa ukimya, na mashine itaendelea kutumika ikiwa mbovu. Toza saa za matumizi, toza nafasi iliyowekwa ikaachwa bila taarifa, lakini ripoti iwe bure. Nawe unayeripoti, usizime mashine kwanza. Piga picha skrini ikiwa na namba ya kosa, andika saa na sampuli iliyokuwa ikipita, bandika karatasi ya «isitumike», kisha mpigie msimamizi.