Maswali ya Wasomaji: Je, Zile ni Picha za Vita Vyenyewe?

SWALI: Ami, asalaam aleikum. Tuliitazama nyumbani ile filamu ya mwaka 1966, The Battle of Algiers. Kaka yangu ameshikilia kwamba zile ni picha zilizopigwa vitani. Mimi nasema ni maigizo. Nani amesema kweli? Na mwisho wake sikuuelewa: viongozi wameshauawa au kukamatwa, mbona mji mzima unamwagika barabarani? Tena mdogo wetu wa miaka 10 anaililia. Tumruhusu?
Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Wewe ndiye uliyesema kweli. Hamna hata kipande kimoja cha picha za habari mle. Gillo Pontecorvo, Mwitaliano, aliipiga kwenye vichochoro vya Casbah yenyewe, ule mji mkongwe wa Algiers, Algeria ikiwa na miaka michache tu ya uhuru wake wa Julai 1962, na picha zikaachwa na chengachenga makusudi. Lakini kaka yako asichekwe. Yule kiongozi, Djafar, ameigizwa na Saadi Yacef, ambaye hasa alikuwa kamanda mjini Algiers wa wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria kutoka kwa Wafaransa. Wafaransa walimkamata 1957 wakamhukumu kifo, kisha akasamehewa. Mwigizaji wa kazi hasa ni Jean Martin peke yake, yule Kanali Mathieu wa jeshi la Wafaransa. Waliobaki ni watu wa kawaida, wengi wao wenyeji wa mji ule ule. Askari wanapopita na bunduki, kina mama wanajibanza milangoni kama watu wanaokumbuka.

Sasa mwisho. Oktoba 1957 askari wa miavuli wa Ufaransa walilipua nyumba alimojificha Ali La Pointe, mmoja wa viongozi wa wapiganaji, na kwa hesabu za kijeshi Wafaransa walishinda. Ila rudi kwenye ule mgomo wa siku nane, Januari 1957: askari wanang'oa milango ya maduka yaliyofungwa, wanaume wanasombwa kwa malori. (Mombasa nayo iligoma Januari 1947, kuanzia bandarini hadi wapishi wa majumbani, waulizeni wazee.) Aliyevunjiwa duka, au aliyechukuliwa mume asimwone tena, hangoji kiongozi wa kumwambia atoke. Desemba 1960, De Gaulle, rais wa Ufaransa, akiwa ziarani Algeria, walitoka. Sikiliza tena pale kwenye moshi: afisa anauliza kwa kipaza sauti mnataka nini, na jibu linakuja kutoka kwa watu asiowaona, na vigelegele juu yake.

Wapo wanaosema filamu hii imewapendelea wapiganaji. Mimi sikubali. Katika ule mkahawa wa Wazungu, kabla ya bomu la wapiganaji kulipuka, kamera inatulia kwa mtoto mdogo wa Kizungu anayelamba aiskrimu, na aliyelitega anamwona. Halafu muziki ule ule wa huzuni unaowalilia waliofukiwa na vifusi Casbah, ndio unaowalilia Wazungu hawa. Kwa hilo naiheshimu kuliko filamu nyingi za vita nilizoziona.

Mdogo wenu bado. Inaanza na mzee aliyetoka kuteswa, mwili unamtetemeka, anavishwa sare ya askari akawaonyeshe maficho ya wenzake; na mbele kuna mateso mabaya zaidi. Akifika umri wa kaka yake, keti naye, na uisimamishe kila anapouliza.