Kocha Mwema Naye Awekewe Mipaka: Maswali Yenu Kuhusu Watoto na Timu za Mtaani

Kwa kawaida safu hii hujibu maswali ya namba za kucheza, njumu na lishe. Safari hii nimeyaweka kando hayo, kwa kuwa barua nyingi zilizoingia kutoka Mtwara na Lindi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtoto akiwa mikononi mwa timu, nani anamwangalia? Majina nimeyaondoa yote.

Shikamoo Mwalimu. Kocha wa mwanangu wa miaka 12 ni mtu mzuri sana. Amemnunulia njumu, anamrudisha nyumbani kwa pikipiki yake, na usiku humpigia kwenye simu yangu waongee mpira. Jirani ananiambia niwe macho. Naona nitamvunjia heshima kocha. Nifanyeje? (Mama, Chikongola, Mtwara)

Marahaba mama. Jirani yako hajamtuhumu mtu, nawe huna haja ya kumtuhumu. Njumu, lifti, simu: kila kimoja peke yake ni jambo la kawaida katika mji wetu, ambako kocha wa mchangani mara nyingi ndiye anayenunua hata mpira kwa fedha yake. Vikikusanyika vyote kwa mtoto mmoja, hapo mzazi ana haki ya kuuliza.

Watu wanaodhuru watoto mara nyingi hawaanzi kwa vitisho. Huanza kwa wema, na wema wenyewe humfikia mzazi kabla ya mtoto, maana mzazi aliyekwisha kushukuru huona haya kushuku. Kisha huja siri ndogo ya majaribio, kama soda ambayo "mama asijue". Ugumu ni kwamba kocha mwema kwelikweli naye hununua njumu na kumpa mtoto lifti. Kwa kumtazama usoni hutawatofautisha, wala mimi siwezi. Ndiyo maana nasema tuache kupima tabia ya mtu, tuweke utaratibu unaomhusu kila mtu.

Mwambie hivi: "Kocha, njumu tumeshukuru sana. Kuanzia sasa zawadi ya mtoto ipitie kwangu, habari za mazoezi ziandikwe kwenye grupu la wazazi, na jioni atarudi na wenzake wa mtaa mmoja." Huna haja ya kueleza zaidi. Kocha mwenye nia njema atapumua, kwa sababu utaratibu huo unamkinga naye na maneno, na Chikongola maneno hayachelewi. Akikasirika, au mtoto akaanza kukaa benchi bila sababu, nenda kwa viongozi wa timu ukiwa na mzazi mwingine.

Mtoto naye zungumza naye, lakini usimkalishe kama polisi. Mkiwa mnachambua mchele muulize njiani huwa wanapita wapi, wanasimama wapi, wanaongea nini. Halafu nyamaza usikilize. (Na kama kwenye pikipiki hiyo hupakiwa watatu, mshikaki, bila kofia, hilo peke yake lilitosha kukufanya useme hapana.)

Nina watoto 26 na niko peke yangu. Nasikia siku hizi lazima wawepo watu wazima wawili. Wa pili nimtoe wapi? (Kocha, Nachingwea)

Kocha, wa pili halazimiki kujua mpira. Kinachotakiwa ni macho. Panga zamu za wazazi, mmoja kwa kila siku ya mazoezi, uandike majina. Msimu wa korosho wengi wako mashambani na zamu zitavurugika. Basi kwa miezi hiyo sogeza mazoezi karibu na shule au karibu na nyumba za watu, na ufunge mapema kabla giza halijaingia. Siku ambayo huna mtu kabisa, fupisha mazoezi, usibaki na mtoto wa mwisho anayesubiri kufuatwa. Tembea naye pamoja na wenzake.

Ukitaka kumsema mtoto faraghani, mchukue pembeni mahali ambapo wote wanawaona lakini hawawasikii. Dawa ya kuchua misuli ipakwe hadharani, na mtoto anayeweza kujipaka ajipake. Chumba cha kubadilishia nguo usiingie watoto wakiwa wanavaa.

Kuna jambo moja timu nyingi hazina: mtu mmoja, asiye kocha mkuu, ambaye kila mtoto anajua kwamba akiwa na neno atampelekea yeye. FIFA ina programu ya ulinzi wa watoto tangu 2019, na wazo la kuwa na mtu wa namna hiyo limo humo. Cheo kikubwa cha nini? Kwenu anaweza kuwa nesi mstaafu au mwalimu wa kike anayeheshimika. Na kabla hujamkabidhi kipyenga kijana yeyote aliyekuja "kujitolea", muulize alikotoka, kisha upige simu huko. Wanaofukuzwa timu moja kwa sababu ya watoto hujitokeza timu nyingine, na mara nyingi aliyewafukuza alinyamaza ili kuficha aibu ya timu.

Tunakwenda Masasi na kaka zetu wa timu ya wakubwa. Tutalala darasa moja, mikeka imeshapatikana. Kuna ubaya? (Katibu wa timu)

Upo. Watoto chumba chao, wakubwa chumba chao, na wasimamizi wawili karibu na mlango wa watoto, nje ya chumba. Kama kuna wasichana, mmoja awe mwanamke. Kila mzazi asaini karatasi inayotaja mnakokwenda, chombo cha usafiri, saa ya kurudi na namba za simu. Darasa likiwa moja tu, timu moja ibaki nyumbani.

Bila kiboko hawa watoto hawasikii. Sisi wenyewe tulichapwa na tukawa watu. (Kocha mkongwe, Mikindani)

Mzee wangu, heshima kwako, lakini hapa tunapishana. Hata shuleni, kanuni za 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua, kuchapa, ila asizidishe viboko vinne, na viandikwe kitabuni. Kocha wa mtaani hayumo humo. Na nimewaona sana watoto wanaochapwa kwa kupoteza mpira: wanajifunza kutouomba. Winga anajificha nyuma ya beki, akiwa na akili timamu kabisa, kwa kuwa asiyegusa mpira hapotezi mpira. Adhabu ya kuchelewa iwe kukusanya koni na kubeba mipira. Matusi ya nguoni nayo yaishe. Mtoto unayemtukania mama yake mbele ya wenzake atawezaje kuja kwako siku akiwa na shida?

Nina miaka 14. Kiongozi mmoja wa timu hunishika sehemu nisizotaka, anasema ananichua. Amesema nikimwambia mtu nitatolewa kikosini. Naogopa baba atanipiga. (Sitaki kutaja ninapokaa)

Mwanangu, ahsante kwa kuandika. Hujakosea chochote. Hata kama ulinyamaza mara ya kwanza, hata kama ulipokea zawadi yake, kosa ni lake. Kuchua misuli hakuhitaji siri.

Piga 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, haitozi hata senti, na unaweza kutumia simu ya mtu mwingine. Pia chagua mtu mzima mmoja unayemwamini: mama, bibi, shangazi, mwalimu. Usihangaike kutafuta maneno mazuri. Sema tu, "Kuna mtu kwenye timu ananishika vibaya na ninaogopa." Kama unamhofia baba, huyo utakayemwambia ndiye atakayezungumza naye. Wa kwanza asipokuamini, mwambie wa pili. Kwa sasa usikubali kubaki na mtu huyo peke yenu, hata kwa kutumwa maji.

Sasa nyie wakubwa mnaosoma hapa. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au halmashauri. Afisa ustawi wa jamii yupo kwenye halmashauri, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto akiingiliwa, apelekwe hospitali siku ileile: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asiogeshwe kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi.

Kamati ya timu isifanye uchunguzi wake, wala isimwite mtoto aeleze mbele ya wazee sita. Kila anaposimulishwa upya anaumia upya, na ushahidi unaharibika. Mtuhumiwa ndiye akae pembeni mpaka vyombo vimalize kazi, na mtoto aendelee kucheza. Kuhusu yale mazungumzo ya "tuyamalize kifamilia", ambapo fedha hutoka huku na kuingia kule, na mtu yule msimu ujao yuko timu ya mtaa wa pili: kosa la jinai halifutwi kwa makubaliano ya sebuleni.

Wakala kutoka Dar amemwona kijana wangu wa miaka 15. Anasema kuna majaribio Ulaya, anataka laki nane za pasipoti na viza. Malipo ya korosho yameingia juzi. Nisikose bahati? (Baba, Newala)

Baba, shikilia fedha zako. Si ajabu hata kidogo kwamba amekuja wiki ya malipo.

Kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wenyewe kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu mpira. Mwanao akiwa na miaka 15 na familia yake ipo Newala, hakuna klabu ya Ulaya itakayomsajili kihalali. Wakala mwenye leseni ya FIFA naye haruhusiwi kumwendea mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi, tena muda wake wa kufanya hivyo umewekewa mipaka. Huyu alizungumza na kijana uwanjani kwanza au nawe kwanza?

Mwombe jina kamili na leseni, uyapeleke chama cha soka cha mkoa wakaulize TFF, shirikisho la soka la taifa. Pasipoti hutolewa na Uhamiaji, na ada yake unailipa serikalini mwenyewe, haipiti mfukoni mwa mtu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto usikiachie. Akitaka kumchukua akakae "kwenye akademi" Dar, nenda nawe, uone analala wapi, anasoma shule gani, analala na nani. Akademi isiyotaka mzazi aone vyumba vya kulala haistahili mtoto wako, hata ikiwa na nyasi za kijani kama uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona, Mtwara.

Nafundisha wasichana, mimi ni mwanaume. Wanabadilisha nguo nyuma ya mkorosho, na baadhi ya wazazi wanasema mpira na hijabu haviendani. (Kocha, Lindi mjini)

Hilo la hijabu ni jepesi: sheria za mpira zimeruhusu kilemba na hijabu uwanjani tangu 2014, na taiti ndefu zinavaliwa. Waonyeshe wazazi.

Kwa mkorosho, waje wamevaa jezi ndani, juu khanga au baibui, ama muombe darasa la shule ya jirani. Tafuta mama au dada mkubwa awe nanyi kila mazoezi. Yeye ndiye aweke taulo za kike kwenye mkoba wa dawa, na msichana akisema leo hachezi, usimuulize kwa nini. Wengine wakishatoka unyagoni nyumbani huambiwa wamekuwa wakubwa, waache kukimbia na mpira. Usibishane na kungwi. Mtume yule mama akaongee naye. Ila shika hili: msichana wa miaka 13 aliyechezwa unyago bado ni mtoto, kwako na kwa sheria.

Mchezaji akizimia tunamtia kijiko asimeze ulimi. Ni sawa? (Nahodha, Tandahimba)

Si sawa. Ulimi haumezwi, na kijiko huvunja meno. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, mkimbizeni hospitali. Kama hapumui, anzeni kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, msiache mpaka msaada ufike. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, kutapika au kusahau matokeo harudi uwanjani siku hiyo, hata akilia.

Magoli ya chuma yasiyochimbiwa yafungwe au yawekewe viroba vya mchanga nyuma, maana huanguka watoto wakibembea. Radi ikisikika, wote waondoke uwanjani, wasikimbilie chini ya mti. Rudini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mwanangu ana miaka 15, viongozi wanataka tumwandike 12 ili tushinde kombe la diwani. (Mzazi, Ruangwa)

Kataa. Mvulana wa miaka 15 akimvaa wa 12 kwa kasi, mguu unaovunjika ni wa yule mdogo. Na akiwa na kipaji kweli, uongo huo utamfuata: tangu 2009 FIFA hutumia picha za MRI (kipimo cha hospitali kinachoonyesha ndani ya mwili) za kifundo cha mkono kupima umri kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17. Kiongozi anayekuomba karatasi ya uongo kwa ajili ya kombe la kata, muulize pia nani anawarudisha watoto nyumbani baada ya mechi.